Nyati, Ndege na Mapatano Yetu

(Hotuba ya kamati ya mafunzo mbele ya mkutano wa tawi. Tumeipiga chapa kwa kuwa siku ile mvua ilipiga mabati, na ndugu waliokaa nyuma hawakusikia hata nusu yake.)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Mwandishi, ndugu wanachama, na dada zetu mliokuja na watoto mgongoni ingawa njia ni matope:

Mwakumbuka ya kwamba katika mwezi wa tatu wajumbe wetu walikwenda kuonana na matajiri. Walikuwa na madai matatu tu: nyongeza ya mshahara, viatu na makoti ya mvua kwa walinzi wa usiku, na kutengenezwa kwa zile nyumba za mstari wa chini ambazo maji huingia. Jibu walilopewa halikuwa "hapana". Wangaliambiwa "hapana" wangalijua la kufanya, maana njia ya kutoka kwenye "hapana" twaijua sote. Walipewa hadithi.

Yule bwana aliyesema kwa niaba ya matajiri (jina lake hatulitaji, wala jina la shamba lake) aliegemea kiti, akawaambia kwa upole ya kwamba tajiri na mfanyi kazi ni kama nyati na yule ndege mdogo akaaye juu ya mgongo wake. Ndege hula kupe akashiba. Nyati huondolewa kupe akapumzika. Hakuna amdaiye mwenziwe. Hakuna barua, hakuna kamati, hakuna mgomo. "Basi na sisi tuishi hivyo," akasema, "na mwaka huu tusaidiane kwa kungoja."

Ndugu, wajumbe wetu hawakuwa na jibu. Walitoka nje wakanyamaza, kila mmoja akitazama viatu vyake. Ndani ya gari mmoja wao alisema, "Lakini yule ndege..." akaishia hapo. Hadithi ilikuwa nzuri, na hadithi nzuri ni ngumu kuipinga kwa hesabu ya shilingi. Ndiyo sababu sisi wa kamati ya mafunzo tumetumia majuma mengi kutafuta habari za yule ndege, na za viumbe wengine waishio kwa kutegemeana, ili safari ijayo tukiletewa wanyama mezani tuwe twawajua.

Kwanza jina. Wataalamu huita mambo haya simbiosi. Neno hilo lilienezwa na Mjerumani mmoja, Anton de Bary, katika mwaka wa 1879, naye alikuwa mtu wa mimea na ukungu. Maana aliyoitia ni kuishi pamoja kwa viumbe visivyo vya aina moja, basi. Hakusema ya kwamba vitapendana, wala ya kwamba kila kimoja kitapata faida. Minyoo iliyo tumboni mwa mtoto nayo yaishi pamoja naye. Kwa hiyo mtu akituambia "twaishi pamoja", bado hajatuambia neno. Yafaa tumwulize: twaishi pamoja namna gani, na nani ampa nani nini?

Sasa tumtazame ndege mwenyewe. Kwa Kiswahili ana jina la heshima, askari wa kifaru, maana humkalia kifaru kama amkaliavyo nyati, na hata ng'ombe wetu. Ni kweli hula kupe. Hilo hakuna alikataaye. Lakini huko Zimbabwe mtafiti mmoja aligawa ng'ombe wa shamba makundi mawili: hawa wakaachiwa ndege, wale wakafukuziwa ndege. Habari zake zilitolewa katika mwaka wa 2000. Kupe hawakuzidi kwa wale waliofukuziwa ndege. Lakini vidonda vya wale walioachiwa ndege vilikawia kupona, kwa sababu ndege huyu hupenda damu, na kidonda kikitaka kufunga hukidonoa tena. Wachungaji wetu hawakungoja mtafiti awaambie hayo. Mzee mmoja wa tawi hili alitueleza ya kwamba tangu utotoni alifunzwa kumfukuza ndege huyo kwenye punda mwenye kidonda.

Hatutaki kumdhulumu ndege. Kwingine, kwa wanyama wengine, ameonekana kupunguza kupe kweli. Na huko Afrika Kusini, katika habari zilizotolewa mwaka wa 2020, watafiti waliwanyatia vifaru weusi kwa miguu. Kifaru haoni mbali. Kifaru asiye na ndege alimtambua mtu akiwa karibu sana, mita 27 hivi, na mara nyingi hakumtambua kabisa. Mwenye ndege alimtambua kila mara, tena kwa mita 61 hivi, kwa kuwa ndege alipiga kelele. Basi jina la askari ni haki yake.

Kwa hiyo ndege yule yule huondoa kupe, huchokoa kidonda, na hulinda zamu. Yule bwana alitupa theluthi moja ya hadithi. Tena tulipofika nyumbani tuliona jambo jingine ambalo lingalifaa kuulizwa pale pale: katika hadithi yake, sisi tulikuwa nani? Nyati au ndege? Hakusema. Ni nani mzito, na ni nani aishiye juu ya mgongo wa mwenziwe? Tuliyaacha hayo kwa siku ile.

Wako viumbe wengine wawili tunaopenda kuwaeleza, na wote ni wa nchi hii.

Wa kwanza ni ndege wa asali. Wengi wenu mmemwona. Humjia mtu, hulia kwa haraka, huruka mti mmoja mbele, hungoja, hulia tena, mpaka amfikishe kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Mkenya mwenzetu, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata Waborana wa kaskazini ambao huwaita ndege hao kwa mbinja, wakaandika habari zao katika mwaka wa 1989. Mahali ambapo watu hawakupazoea, kutafuta mzinga mmoja bila ndege kulichukua karibu saa 9. Wakiongozwa na ndege, saa 3 na kidogo. Na kwa upande wa ndege, katika kila mizinga 100, 96 ilikuwa mahali ambapo asingaliweza kuifikia mpaka mtu aipasue kwa shoka na kufukuza nyuki kwa moshi. Ndege ana macho na habari. Mtu ana moto na chuma. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenziwe hana, na hakuna awezaye kufanya kazi ile peke yake.

Hayo ni mapatano hasa, ndugu. Lakini tazameni malipo. Katika jamii nyingi mtu akishapakua asali humwachia ndege masega na nta, na ndege hula nta kwa furaha. Hicho ndicho chakula alichokifanyia kazi. Kwa Wahadzabe wa Tanzania, upande wa Ziwa Eyasi, watafiti waliona desturi nyingine. Wao mara nyingi hukusanya masega yaliyobaki wakayachoma au kuyafukia, ili ndege asishibe, abaki na njaa, akawaongoze tena.

Hapo mkutano ulicheka, na mzee mmoja akapaza sauti kutoka mlangoni: "Huyo mimi namjua! Ndiye aandikaye mshahara wetu!"

Hatuwalaumu Wahadzabe. Nao wana njaa yao ya kila siku, na ndege hukosi punje hapa na pale, kwa hiyo haachi kuja. Twasema tu ya kwamba kumlipa mwenzio kidogo ili asiwe na nguvu ya kupumzika ni hesabu ya zamani sana, na mahali ambapo ndege hana mwingine wa kumwendea, hesabu hiyo hufanya kazi. Tusijidanganye ya kwamba dhuluma huanguka yenyewe. Pia tusimfanye ndege kuwa mtakatifu. Ndege huyu wa asali hutaga katika viota vya ndege wengine, na kifaranga wake huzaliwa na ndoana mdomoni ambayo huwaulia watoto wa mwenye nyumba. Mshiriki mwema wa mtu ni mwizi kwa jirani yake. Kiumbe mmoja, mapatano mawili.

Sasa tuje kwenye mwiba, na hapa tutakawia, kwa maana hapa ndipo tulipopata jibu letu.

Hakuna mtu wa Laikipia asiyeujua mti huu. Ni ule mgunga mfupi wa udongo mweusi, wenye miiba mirefu na vinundu vyeusi kama mipira midogo chini ya miiba. Wamaasai huuita eluai. Sisimizi hutoboa vinundu, na upepo ukipita kwenye matundu yale mti hupiga mbinja usiku mpaka mgeni akadhani anaitwa. Ndugu zetu wa kujenga seng'enge waujua kwa mikono na shingo zao: ukigusa tawi, sisimizi hushuka kama askari waliopigiwa kengele.

Mti huwapa sisimizi vitu viwili. Huwapa nyumba, yaani vile vinundu, na huwapa chakula, maji matamu yatokayo kwenye vitundu vidogo karibu na majani. Nyumba na posho! Nani hapa hakuajiriwa kwa maneno hayo hayo? Na sisimizi nao hutoa kazi moja: mnyama akija kula, humwuma. Twiga huondoka mapema. Ndovu, ambaye hung'oa mti mkubwa kama sisi tung'oavyo mchicha, huuepuka, kwa sababu sisimizi wakiingia ndani ya mkonga, hapo pana uchungu kweli kweli. Watafiti wawili, Jacob Goheen na Todd Palmer, waliwapa watoto wa ndovu mayatima matawi ya mti huu yaliyoondolewa sisimizi. Waliyala bila shida. Wakawapa matawi ya mgunga mwingine, ambao ndovu huupenda, lakini yakiwa yametiwa sisimizi. Waliyaacha. Kwa hiyo si mwiba umzuiao ndovu. Ni wadudu wale, ambao mmoja ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Basi katika mwaka wa 1995, huko Mpala, hapa hapa Laikipia, watafiti walizungushia sehemu za pori nyua za waya. Nyua nyingine zilizuia wanyama wakubwa wote, ndovu, twiga na wengineo. Sehemu nyingine ziliachwa wazi. Walitaka kuona miaka itafanya nini. Mtu yeyote angalitabiri ya kwamba miti iliyo ndani ya ua itastawi, maana adui amekwisha ondolewa.

Baada ya miaka 10 walihesabu, na habari zao zilitolewa mwaka wa 2008. Miti ya ndani ya ua ilikuwa imeanza kupunguza malipo. Ilitoa vinundu vichache zaidi na vitundu vichache vya maji matamu. Kwa nini ulipe walinzi mahali pasipo na mwizi? Na wale sisimizi wakali, ambao ndio walinzi bora, walipoona posho imepungua walifanya mambo mawili. Kwanza, waliobaki walianza kufuga vidudu vinavyofyonza utomvu wa mti, ili wanywe utamu utokao kwa vidudu hivyo. Yaani walipokosa mshahara mlangoni, waliuchukua kwa dirishani. Chama hiki hakitetei wizi na hakijapata kutetea. Lakini kila mtu aliyeketi hapa ajua dizeli huenda wapi mahali ambapo mshahara haufiki mwisho wa mwezi.

La pili ni kubwa zaidi. Walinzi wakali walidhoofika, wakanyang'anywa miti na sisimizi wa kabila jingine. Hao wengine hawahitaji vinundu. Hukaa katika matundu yaliyotobolewa shinani na vidudu vya kula miti, na kwa hiyo huvikaribisha vidudu hivyo. Hawajali kumfukuza mnyama. Basi miti ile, iliyofungiwa mbali na ndovu, ikatobolewa kutoka ndani. Miti waliyokaa sisimizi hao ilikua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyokaliwa na walinzi wakali. Kumwondoa adui kuliwaletea hasara waliolindwa naye.

Sisi tuliposoma hayo mara ya kwanza tuliyasoma mara mbili.

Yafaa hapa tujizuie kidogo. Mti hauna fikira. Haukukaa kitako na mhasibu ukaamua kukata posho; ni maumbile yake tu kutoa miiba zaidi ukiumwa na wanyama na kutoa michache usipoumwa. Tajiri ana fikira, nasi tunazo, na ndiyo tofauti kati ya pori na meza ya mapatano. Hatuwezi kumwambia mtu, "Fanya hivi, kwa sababu mti hufanya hivi." Mti pia hufanya mabaya. Twatumia mfano huu kama mtu atumiavyo taa: ili tuone, si ili tuiabudu.

Na taa hii, ndugu, imemulika upande wetu kabla ya upande wa tajiri. Wakati tulipokuwa hatuna mapatano, kila mkutano wa tawi ulijaa mpaka watu wakasimama nje. Ada ililetwa bila kuitishwa. Ndovu alikuwa mlangoni. Tangu mapatano yatiwe sahihi, tumekaa ndani ya ua. Viti vya nyuma vimekuwa vitupu. Safari moja hatukupata watu wa kutosha kupiga kura, tukarudi nyumbani. Wajumbe wetu, ambao ndio sisimizi wakali, wameachwa waende ofisini peke yao, kwa nauli yao wenyewe, kisha twashangaa wanapokosa jibu la hadithi ya nyati. Je, ni nani aliyekata posho ya walinzi? Tajiri hakuhusika na jambo hilo. Ni sisi.

Tena kwenye mti ule mmoja huweza kukaa sisimizi wa makabila manne, ingawa kwa kawaida kila mti huwa na kabila moja. Wawili mmekwisha wasikia. Wa tatu huuma vizuri, lakini hukata machipukizi ya mti mpaka mti usizae, ili matawi yasiguse mti wa jirani ambako adui huweza kupita. Hao hutukumbusha viongozi ambao hulinda tawi lao kwa kuhakikisha ya kwamba hakuna kijana anayeinuka ndani yake. Wa nne hutafuna vile vitundu vya maji matamu, akaviharibu, ili mti usimvutie mwingine. Hatutasema huyo ni nani. Kila mtu amtafute mwenyewe.

Na wale ndugu ambao si wanachama, lakini mapatano yakitiwa sahihi huchukua nyongeza kama sisi? Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka wa 2007 imefikiri habari zao: mtu asiye mwanachama anayefaidiwa na mapatano ya pamoja aweza kukatwa ada kwa faida ya chama kilichoyapata mapatano hayo. Wengine hunung'unika. Sisi twaona ni haki, ila twapenda zaidi aje mwenyewe, maana ada ya kukatwa haiketi mkutanoni.

Limebaki jambo la sisimizi mgeni, na hili tuliombwa tulieleze taratibu kwa sababu laumiza.

Kwa miaka ya karibu ameingia Laikipia sisimizi mwenye kichwa kikubwa, aliyeletwa na shughuli za watu, kwa mizigo na udongo na vitu vya ujenzi. Huenea ardhini, huingia miti yote, huwaua sisimizi wa mwiba pamoja na watoto wao. Yeye haombi nyumba juu ya mti, wala haulindi. Ndovu walipogundua ya kwamba miti haina tena walinzi, waliivunja mara tano na zaidi kuliko mahali pasipo na mgeni. Mkenya mwenzetu Douglas Kamaru na wenzake walifuata mambo haya katika hifadhi ya Ol Pejeta, wakatoa habari zao katika mwaka wa 2024. Miti ilipovunjwa, pori likawa wazi. Pori lilipokuwa wazi, punda milia walimwona simba kwa mbali wakakimbia. Katika mwaka wa 2003, katika kila wanyama 100 waliouawa na simba, 67 walikuwa punda milia. Katika mwaka wa 2020 walikuwa 42. Simba hawakupungua. Walianza kuua nyati, ambaye ni mzito na huua simba pia. Hebu fikirini: mdudu anaingia chini ya jani, na simba anabadilisha chakula chake.

Basi ndugu wengi walituambia, "Huyo mgeni ndiye wakala aletaye vibarua." Wametazama vizuri. Mashamba mengine sasa hayaajiri. Humpigia wakala simu, na wakala huleta vijana kwa lori, wasio na barua ya kazi, wasio na siku ya ugonjwa, leo wapo, kesho hawapo. Mwenye shamba huona amepata kazi bila deni lolote. Huona ameokoa posho. Lakini twasema mbele ya mkutano huu, na iandikwe: wale vijana si wadudu. Ni watoto wa majirani zetu, na baadhi yao ni watoto wetu. Anayeharibu si yeye aliyepanda lori kwa njaa. Ni mpango wenyewe wa kazi isiyo na wajibu upande wowote. Dawa yake si kuwafukuza kwa mawe kama ilivyotokea mahali pamoja mwaka jana, jambo lililotutia aibu. Ni kuwaandikisha. Kamati imekwisha anza, na hata leo wamo wanne hapa. Tafadhali wapeni nafasi ya kuketi.

Sasa tujibu hadithi ya yule bwana.

Tutamwambia kwanza ya kwamba tumemsikia, na ya kwamba hatukatai kuishi pamoja. Shamba likifa, nasi hatuna kazi. Hilo twalijua kuliko wengi. Kisha tutamkumbusha ya kwamba nchi hii ilikwisha jaribu kuishi kwa maneno matamu, na miaka ya mwisho ya ukoloni ilijaa migomo. Ndipo katika mwezi wa Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, wawakilishi wa wafanyi kazi, wa matajiri na wa Serikali walitia sahihi Hati ya Uhusiano katika Viwanda. Katika mwaka wa 1964 ikaanzishwa mahakama ya mambo ya kazi, ili wanaoshindana wawe na mahali pa kwenda. Hakuna hata mmoja wa wale waliotia sahihi aliyedhani ya kwamba yeye ni ndege na mwenziwe ni nyati. Waliandika kwa sababu kila mmoja alimjua mwenziwe. Ndege na nyati hawawezi kuandika. Ndiyo maana kidonda cha nyati hakina mahali pa kushtakia.

Na mwisho tutamweleza habari za mwiba na nyua za Mpala, polepole, kwa upole ule ule alioutumia yeye. Tutamwuliza: mlinzi wako wa usiku, ambaye miaka hii miwili hujaibiwa ng'ombe hata mmoja, je, wezi hawaji kwa sababu hawapo, au kwa sababu yeye yupo? Na ukiona hawaji ukaamua ya kwamba viatu si lazima, utajua lini ya kwamba ulikosea?

Tutakuwa mezani tena Jumanne ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Madai ni yale yale matatu, na la nne ni vibarua wa lori waandikwe kazi baada ya miezi mitatu. Mwenye karatasi za mshahara azilete kwa Bwana Mwandishi kabla ya Ijumaa. Asiyejua kusoma aje nazo hivyo hivyo, atasomewa faraghani. Wajumbe wanahitaji nauli, na kopo liko karibu na mlango. Ndugu wa zamu ya usiku, siku hiyo mkitoka kazini msiende kulala kwanza. Piteni ofisini mkiwa mmevaa viatu vile vile mlivyolindia. Tutaviomba kwa muda wa saa moja, tuviweke juu ya meza.